Amos Ndani ya Plasta

Ukifika Haslebrook, jimbo la Lancashire kule Uingereza, ukamuulizia Thirza Greenhalgh, watakupeleka maktaba wakuonyeshe vichwa alivyovifinyanga. Kipo kichwa cha diwani Ormerod, kipo cha mchungaji wa kanisa la Kimethodisti, kipo cha kiongozi wa bendi ya matarumbeta, mashavu yamemvimba vilevile kama alipokuwa hai. Vyote vya shaba, na vyote vimeng'aa puani kwa kushikwashikwa na watoto. Watakuambia mama huyu alikuwa na mkono. Sawa, alikuwa nao, nani anabisha? Lakini wale ni watu waliojilipia wenyewe, tena Ormerod alidai aongezewe nywele. Mimi sina haja nao. Kichwa ninachotaka kukisimulia ni cha plasta tupu, hakina hata jina, kimewekwa juu ya kabati la jikoni kwa kina Entwistle, jirani zake, kati ya saa na bati la chai. Kabla ya kufika hapo kilikaa miaka kumi na tisa hakuna jicho lililokiona.

Thirza alikuwa mtoto pekee wa Amos Greenhalgh, fundi wa plasta. Zile dari za nyumba za wenye viwanda, zenye majani na zabibu kuzunguka pembe zote, nyingi ni kazi ya Amos. Mama alikufa mapema, kwa hiyo binti akakulia katika vumbi jeupe, akichezea mabaki ya plasta kama wenzake walivyochezea wanasesere. Baba alikuwa mtu mwema lakini mkavu wa maneno. Kazi ikiwa mbovu, atakuambia mbovu wapi. Kazi ikiwa nzuri, atanyamaza. Na ikiwa nzuri kupita kiasi, nzuri ya kumfanya avue kofia, basi atasema, "Itafaa." Mafundi watu wazima walirudi nyumbani wakiwaambia wake zao, "Leo Amos kaniambia itafaa," na mke anakata nyama kipande kikubwa zaidi.

Thirza hakuwahi kuambiwa. Akiwa na miaka tisa alitengeneza ua la waridi akampelekea. Amos akaligeuza mkononi. "Petali hii imelala," akasema. Akiwa na ishirini na tatu, ametoka kusomea uchongaji Manchester, alileta nyumbani kichwa chake cha kwanza cha shaba. Baba akakizunguka mara mbili, akakohoa, akauliza, "Beseni umeliosha?"

Msicheke. Maneno kama hayo yanamkaa mtu rohoni. Thirza alipata sifa mpaka magazeti ya London yakamwandika, na kila sifa aliipokea kama barua ya jirani iliyoletwa kwake kimakosa.

Mwaka 1938, mwezi wa Februari, kifua cha Amos kilimshinda. Vumbi la miaka arobaini si mchezo. Wakamshushia kitanda jikoni, karibu na moto. Kwa miaka mingi Thirza alikuwa amemwomba amkalie amfinyange, na jibu likawa lilelile, eti sura yake ikiwa moja duniani inatosha. Sasa ni yeye aliyesema.

"Lete huo udongo wako, binti. Kabla sijabadilika nikawa mtu mwingine."

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinafanya kazi nusu wiki, basi Clarice Entwistle wa nyumba ya pili alikuja kumgeuza mgonjwa na kumnywesha mchuzi. Clarice alikuwa mfumaji tangu ana miaka kumi na mitatu, na mitambo ilikuwa imekwisha kumla masikio. Kama wafumaji wote wa kule, alisoma midomo. Wanawake hao husimulizana habari za mtaa mzima kutoka upande mmoja wa kiwanda hadi mwingine, hakuna aliyetoa sauti. Ukimsemesha Clarice umempa mgongo, unazungumza na ukuta.

"Geuka," angekuambia. "Mimi sina macho ya kuona kisogo chako kikisema."

Siku ya nne sauti ya Amos ilikatika kabisa. Akabaki na pumzi na midomo. Thirza alikuwa upande wa pili wa kitanda, mikono imejaa udongo, akiutazama mdomo ule kuliko alivyowahi kuutazama maisha yake yote. Lakini mchongaji ni mchongaji. Aliona mkunjo wa kulia unavyopanda, aliona mdomo wa chini ulivyokauka, akavifuata kwa kidole gumba. Kama mdomo ule ulikuwa na neno, yeye hakulitafuta.

Jumamosi alifinyanga mpaka mwanga ukatoka dirishani. Jumapili kabla ya saa sita mchana Amos akafa. Nyumba zote za mtaa zikafunga mapazia, ndiyo desturi ya msiba kule.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kichwa cha udongo kilikuwa bandani nyuma ya nyumba, na baridi ilikuwa ya kuua. Udongo mbichi ukigandishwa na barafu hupasuka, na asubuhi ya Jumatatu ufa mmoja ulikuwa umeshaanza shingoni. Ilibidi kichwa kivikwe plasta siku ileile, baba akiwa bado amelazwa sebuleni.

Kazi yenyewe iko hivi. Udongo unavikwa plasta, koti jembamba kwanza, halafu koti nene. Ikikauka, unauchimbua udongo wote kutoka nyuma, unabaki na ganda tupu lenye sura kwa ndani. Unalipaka sabuni ili visishikane, unamimina plasta humo, ikishika unalivunja ganda kwa tindo, kipande kwa kipande, mpaka mtu atokee. Hakuna kurudia. Udongo umekwisha, na ganda linakwisha. Ndiyo maana lile koti jembamba la kwanza hutiwa buluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Unachonga nyeupe, nyeupe, nyeupe, ukiona buluu unajua umekaribia ngozi, unapunguza mkono. Amos alimfundisha hilo kabla hajamfundisha kufunga kamba za viatu. Buluu kwanza, binti.

Thirza akapeleka mkono kwenye rafu. Kifuko cha buluu kilikuwepo, lakini kitupu. Akajiambia atachukua nyingine ndani. Akaingia ndani, akamkuta mchungaji, akamkuta shangazi kutoka Burnley analia kwa sauti, akashikwa mkono, akapewa chai. Aliporudi bandani maji yalikuwa yameshaanza kuganda ndooni. Akakoroga plasta haraka, na mikono ikaenda yenyewe, kama mikono ya mtu aliyefiwa inavyokwenda. Koti la kwanza likawa jeupe. La pili jeupe.

Baada ya mazishi akauchimbua udongo. Pua ya baba yake ikatoka bonge, ikaangukia ndooni. Akapaka sabuni, akamimina, akangoja. Kesho yake akashika tindo, akaanza nyuma ya sikio la kushoto, pasipo na hatari. Pigo la kwanza jeupe. La pili jeupe. La tatu likarusha kipande kidogo cha mviringo, kikadunda mezani. Alikiokota. Ilikuwa ncha ya sikio la Amos.

Hapo ndipo alipoitafuta buluu asiione, akaelewa alichofanya. Nyeupe juu ya nyeupe. Hajui ganda linaishia wapi na baba anaanzia wapi. Picha ya Amos iliyokuwepo duniani ilikuwa moja, ya harusi, uso wake mdogo kama njegere. Thirza akaweka tindo chini. Kile kipande akakitia kwenye kiberiti kitupu, kichwa na ganda lake akavipandisha rafuni. Akatoka, akafunga mlango.

Miaka kumi na tisa, jamani! Vita vilikuja vikapita. Alifinyanga majaji, madaktari, mama mmoja aliyeogelea bahari kutoka Dover. Watu walitania kwamba Amos yumo plastani anamaliza usingizi wake. Thirza hakucheka. Na tangu mwaka ule aliacha kwenda kwa Clarice kunywa chai ya Jumatatu. Hawakugombana. Walisalimiana uani, wakaombana chumvi, basi. Clarice alijiambia mwenzake amekuwa mtu wa London. Alikuwa anaumia, lakini hakusema.

Mwaka 1957 kiwanda kilifungwa, na vidole vya Thirza vikaanza kukunjamana. Asubuhi nyingine kufunga kifungo cha gauni ilikuwa kazi ya robo saa. Daktari akamwambia ukweli: mwaka ujao hatashika tindo. Kwa hiyo ni sasa, au Amos abaki humo milele. Akakishusha kichwa, akakiweka mezani, akakitazama siku mbili bila kukigusa.

Siku ya tatu Clarice aliingia bandani na bakuli la viazi na nyama lililofunikwa kitambaa.

"Nimekuona dirishani, huli," akasema. Kisha akaliona lile donge jeupe. "He! Huyo ni mzee?"

Thirza alikuwa amempa mgongo. Akasema, polepole, maneno aliyoyabeba miaka yote ile. "Ulichukua buluu yangu."

"Geuka. Nimekuambia mara ngapi?"

Jambo la kumwambia mtu kwa kisogo ni jepesi. Thirza ilibidi ageuke, amtazame Clarice machoni, na atamke kila neno kwa midomo yote.

"Siku aliyokufa Baba. Ulichukua buluu yangu rafuni. Nikavika bila buluu. Siwezi kumtoa."

Clarice alisimama na bakuli lake. Uso ulimbadilika.

"Niliichukua mimi," akasema. "Shuka la kumlazia lilikuwa limepiga manjano. Sikutaka waje wamwone Amos Greenhalgh kwenye shuka la manjano, yeye aliyepaka nyeupe nusu ya Lancashire. Nililisuuza mara mbili. Na wewe umenikalia kimya miaka kumi na tisa kwa ajili ya buluu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nililiona lile shuka ulilomlazia, lilikuwa jeupe kweli."

Clarice akaweka bakuli chini. Alikuwa analia na amekasirika, vyote pamoja, akajifuta kwa aproni. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akaviringisha mikono ya blauzi, akaja mezani, akakikumbatia kile kichwa kwa viganja viwili.

"Gonga," akasema.

"Nini?"

"Gonga taratibu na tindo lako. Miaka arobaini mimi nimejua mtambo unaumwa wapi kwa kuushika, masikio sina. Hapo ulipopaka sabuni pana mwachano. Kilichoachana hakitetemeki sawa na kilichoshikamana. Gonga, shoga, tusilale hapa."

Thirza akagonga. Clarice akafumba macho. "Hapa pazito. Chonga." Akasogeza kiganja. "Chonga tena. Bado. Bado. Simama! Hapa pembamba, panatikisika." Thirza akaingiza ncha ya tindo, akabinua, na kipande cha ganda kikaachia chenyewe. Chini yake palikuwa na nywele za Amos, zikiwa bado na alama za kidole gumba cha binti yake.

Walifanya hivyo siku tatu. Vidole vya Thirza vilipokataa, Clarice alivitia kwenye maji ya moto, akavikanda, wakaendelea. Paji la uso likatoka. Nyusi zikatoka, na hofu ikazidi, maana sasa ni macho. Macho yakatoka salama. Mdomo waliuacha mwisho. Alasiri ya siku ya tatu ganda la kidevuni likaanguka lote kwa mkupuo, na Amos Greenhalgh akawa mezani, pungufu ya ncha ya sikio.

Thirza alirudi nyuma mpaka akagota ukutani. Alikuwa amejiandaa kwa uso wa hukumu, ule uso wa petali imelala. Huu haukuwa huo. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, mkunjo wa kulia umepanda.

"Ndivyo alivyokuwa," Clarice akasema. "Jumamosi ile. Vilevile aliposema."

"Aliposema nini?"

"Kwani hukumsikia?"

"Clarice. Hakuwa na sauti."

Clarice akamtazama, na ndipo ilipompambazukia. Yeye kwake sauti haikuwa kitu. Watu wote duniani walisema kwa midomo. Haikumjia hata siku moja kwamba mwenye masikio mazima, aliyekuwa hatua mbili kutoka kitandani, neno lile lilimpita.

"Mungu wangu. Nilidhani ulisikia ukafanya ukaidi wako. Alikutazama ukihangaika na huo mdomo, akanigeukia mimi, akasema, 'Mwambie aache sasa. Itafaa.'"

Thirza akakaa juu ya gunia la plasta. Kiberiti chenye ile ncha ya sikio kilikuwa mkononi mwake, alikuwa amekitoa ili aibandike. Akakirudisha mfukoni. Alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka arobaini na sita, na Clarice, ambaye hakuisikia hiyo sauti, alimshika bega akaisikia kwa kiganja.

Alipotulia akainua uso.

"Rudia," akasema. "Usitoe sauti. Sema kama alivyosema yeye."

Clarice akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso, akarudia kwa midomo tu. Na safari hii Thirza akatazama.