Picha Iliyoziba Dirisha la Jiko

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata choo kilipo, niliambiwa kwamba kansa ni kaa la moto lililofukiwa kwenye majivu. Ukiligusa kwa chuma, kiwe kisu au sindano, hewa inaingia, kaa linawaka, na mgonjwa anakwisha kabla mahindi hayajaota. Aliyeniambia alikuwa Mzee wa Chumba cha Giza, mhudumu mkongwe wa eksirei katika hospitali moja ya Mbeya, na aliniambia humo humo gizani, mikono yetu ikiwa imezama kwenye matangi ya dawa. Niliamini lote, pamoja na mkia wake. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na suruali moja ya heshima. Mtu anayeona gizani namna ile, ningembishia mimi nani?

Ninyi vijana siku hizi mnabonyeza kitufe na picha inarukia kwenye kompyuta. Sisi tuliiosha kama nguo. Filamu, ile plastiki ngumu iliyopakwa dawa, ilitolewa kwenye kaseti yake isiyopitisha mwanga, ikatundikwa kwenye fremu, ikazamishwa kwenye devilopa, dawa inayotokeza picha. Ukaisuuza, ukaizamisha kwenye fiksa, dawa inayoigandisha isifutike, halafu maji tena, halafu kamba. Giza la chumba kile lilikuwa zito kiasi kwamba ungeweza kukata kipande ukakaa juu yake. Fiksa nayo inanuka siki. Mke wangu alikuwa akisema harufu yangu inafika nyumbani, inasalimia watoto, inakaa, ndipo mimi ninabisha hodi.

Mkubwa wetu alikuwa Mteknolojia Mkuu wa Mionzi, mtu mrefu asiyecheka hata akitekenywa. Aliniita wiki ya pili.

"Wewe, kifua si picha ya harusi. Mtu akipumua, picha imeharibika. Unamwambia: vuta pumzi, ishikilie, usipumue. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mkuu. Na akipumua?"

"Unarudia."

"Mara ngapi, mkuu?"

"Mara moja! Mionzi si ugali, mtu hapewi mpaka ashibe."

Ndiye aliyeniamuru nisome shule ya jioni. Alisema bila fizikia nitaosha filamu mpaka niote magamba. Tulisomea kwenye darasa la watoto wa shule ya msingi, watu wazima na ndevu zetu, magoti yakigusa masikio. Aliyenisomesha ni dada yangu Tumpe, aliyelima viazi mlimani juu ya Uyole na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Fizikia niliifaulu kwa upenyo mwembamba kiasi kwamba naamini msahihishaji alipiga chafya kalamu ikateleza. Lakini kufaulu ni kufaulu. Nikaenda chuo, nikarudi na koti jeupe na aproni ya risasi, lile vazi zito linalozuia mionzi isiupige mwili wako wewe mpigaji. Dada Tumpe alilijaribu akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mdogo wangu. Sasa hata ukianguka mtoni hatutakutafuta mbali."

Kituo changu cha kwanza nikiwa na koti kilikuwa kule kwenye mpunga, karibu na Ubaruku. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Kazi ya mpiga picha si kusoma picha, hiyo ni ya daktari, lakini jicho linajifunza hata usipolituma. Alinifundisha kwenye kasha la taa, lile la kutundikia filamu ili mwanga upite nyuma yake. Pafu zima ni jeusi kwa sababu hewa haizuii mionzi. Mfupa ni mweupe. Ukiona weupe mahali panapotakiwa weusi, hicho ni kivuli, na kila kivuli kina swali lake.

"Kikohozi kikipita wiki mbili, pima makohozi," alisema. "Usipoona vimelea vya kifua kikuu, na dawa zake zimeliwa bila nafuu, usiendelee kumlisha mtu dawa zilezile kama kuku. Tafuta jambo jingine."

"Jambo gani, mganga?"

"Saratani ya mapafu. Kikohozi kisichokwisha, au cha zamani kilichobadilika sauti. Makohozi yenye damu. Maumivu ya kifua au bega, pumzi fupi, sauti kukwaruza, mwili kukonda bila sababu. Wengine ncha za vidole zinavimba. Na wengine hawana dalili yoyote mpaka siku imeshakwenda."

"Hiyo si ya wavuta sigara?"

"Sigara ndiyo inayoongoza, na anayekaa karibu na mvutaji anaila pia. Lakini kuna moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na pa kutokea, vumbi la migodini, vumbi la mabati ya asbesto, moshi wa dizeli. Na haiambukizi. Usije ukamtenga mtu sahani."

Amri yake kubwa ilikuwa moja: leta picha ya zamani. Picha moja inakuonyesha kivuli. Mbili zinakuonyesha kama kinakua. Shida ni kwamba wagonjwa walikabidhiwa filamu zao waende nazo nyumbani, na filamu ni plastiki nzuri, haioni maji. Nimekuta kifua cha mtu kimetundikwa sebuleni kando ya picha ya ubarikio. Nimekuta mwenye mashine ya kukoboa mpunga amekata mbavu za baba yake kuwa kibao cha kupakia rangi jina lake kwenye magunia. Nilizunguka na baiskeli kukusanya picha hizo mpaka vijijini wakaniita mchuuzi wa vifua.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipohamishiwa Iringa: mtu wa koti jeupe, fundi wa kulinganisha picha, nimeshapiga vifua vingi kuliko ndoo za nyanya zilizowahi kupangwa barabarani pale Ilula. Na lile kaa la moto bado lilikuwa kichwani mwangu, halijapoa hata kidogo. Nilikuwa na ushahidi wangu. Niliwaona waliochomwa sindano au kupasuliwa, kisha nikasikia wamekufa. Sikuhitaji fizikia zaidi ya hiyo.

Dada Tumpe alikuja Iringa kwa basi mwaka ambao nilikuwa nimebakiza miwili kustaafu. Alikuwa amekohoa tangu mavuno yaliyopita. Zahanati moja ya kwao ilimwanzishia dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yalikuwa safi, akazimaliza zote, kikohozi kikabaki. Hakuwahi kuvuta sigara hata ya kuigiza. Gauni lilimning'inia kama limeanikwa. Nilimpiga picha mwenyewe.

"Vuta pumzi, dada. Ishikilie."

"Ningekuwa na ya kushikilia ningekuja kwako?"

Kivuli kilikuwa pafu la kulia, ukubwa wa limau. Daktari wa Kifua, binti wa Kihehe ambaye umri wake ungeingia kwenye wangu mara mbili na chenji ikabaki, alikitazama akasema, "Mzee Ambakisye, ana picha ya zamani?"

Alikuwa nayo, aliyopigwa kwao kikohozi kilipoanza. Nilipanda basi hadi Mbeya kuitafuta. Mlimani kule baridi ya mwezi wa sita inang'ata, na watu huziba matundu ya jiko ili joto la kuni lisitoke. Mwingine huziba kwa gunia, mwingine kwa kanga. Dada yangu alikuwa ameziba dirisha la jiko kwa kifua chake mwenyewe. Filamu ilikaa pale imepigiliwa misumari minne, nyeusi kwa masizi, na moshi uliokosa pa kutokea ulikuwa umepaka dari lami. Alipika humo miaka arobaini, akipuliza kuni kwa mdomo. Niliing'oa, nikaiosha kwa sabuni ya kipande, nikairudisha Iringa ndani ya gazeti.

Kwenye kasha la taa tuliziweka pamoja. Ya mwaka uliopita ilikuwa na kitu kidogo kama harage. Ya sasa, limau.

"Kinakua," alisema daktari. "Kwa ukubwa huu huenda bado kinaweza kukatwa kwa upasuaji. Lakini lazima kwanza tuchukue kinyama kwa sindano, tukipime, tujue ni nini hasa. Wiki hii, mzee. Si mwezi huu, wiki hii."

Nyumbani kwangu, dada aliweka kikombe cha chai chini akanitazama.

"Ambakisye, mtu wa hospitali ni wewe. Mimi najua viazi. Nichomwe au nisichomwe?"

Nikasema, "Usichomwe."

Nilimweleza habari ya kaa la moto. Nilieleza vizuri sana, nina kipaji hicho. Kisha nikampeleka mwenyewe Idodi, kwa mganga wa mizizi aliyesifiwa na kila dereva wa barabara ya hifadhini. Sikumpeleka kwa siri wala kwa mzaha. Mganga yule alikuwa mtu muungwana, alimpa mizizi ya kuchemsha, akamwambia ale mboga, apumzike na kusali. Dada alilala vizuri zaidi, akaongezeka uzito kidogo mwanzoni, nikajipongeza. Miezi minne ilipita hivyo. Ulipoingia wa tano alianza kutema damu na hakuweza kupanda ngazi tatu za baraza yangu.

Picha ya tatu ilikuwa nyeupe nusu ya pafu. Maji yalikuwa yamejaa. Safari hii dada hakuniuliza mimi.

"Daktari," alisema, "nichome."

Alichomwa, kinyama kikapimwa, ikawa saratani, na ilikuwa imeshavuka pafu. Upasuaji ulikuwa umetoka mezani. Tulipewa rufaa ya hospitali kubwa, na huko alipata kemo, dripu za dawa kali zinazoshambulia seli zinazojigawa hovyo. Nywele zilikwenda, chakula kikawa na ladha ya chuma. Baadaye akapata mionzi ya tiba, na hapo mimi nilishangaa kama mgeni: ni jamii ya mionzi ileile niliyopigia picha maisha yangu yote, ila yenye nguvu kubwa na iliyolengwa sehemu moja. Daktari alieleza pia kuna vidonge vinavyolenga kasoro ya seli, na dripu za kusaidia kinga ya mwili, kwa aina fulani za saratani hii, na kwamba aina ndiyo inayoamua dawa. Ndiyo kazi ya kile kinyama.

Mizizi daktari hakuitupa dirishani. "Mama Tumpe, tangawizi kunywa. Huo mzizi usioujua jina, niletee kwanza niuone, mingine inagombana na dawa kwenye ini. Maombi, kwaya, kukandwa mgongo, endelea navyo vyote. Viende pamoja na dawa, visikae kwenye kiti chake."

Muuguzi wa tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata kama ugonjwa hauponi, alimfundisha kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Alimpa morfini ya maji kwa maumivu. Dada alikula parachichi, aliimba sauti ya pili amekaa, na aliwatania wauguzi kwamba wanapiga sindano kama wanaochimba viazi. Aliishi mwaka na miezi mitatu tangu aseme "nichome." Tulimzika mlimani, na jikoni kwake nikaona dirisha liko wazi.

Sasa nimestaafu nimerudi Uyole. Koti jeupe analivaa mjukuu wangu akicheza udaktari. Mimi hupanda mlimani asubuhi, ninaingia majiko ya watu kabla sijakaribishwa, na kung'oa magunia na kanga madirishani. Wamama wananifukuza kwa mwiko, "Babu Eksirei, baridi!" Nawaambia bora meno yagongane. Naapa nimefungua madirisha ambayo hata nyuki walikuwa hawajui yapo. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili namsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni pa hospitali, nami nauliza kwanza: picha ya zamani iko wapi?

Siku ya kuniaga, pale Iringa, walikuwa wamenipa blanketi na keki yenye umbo la kifua, mbavu za sukari. Nilicheka mpaka nikakohoa. Watu walipotawanyika nilimfuata Daktari wa Kifua. Nilikuwa nimelibeba neno lile la kaa la moto kwa miezi tangu mazishi, na ukweli ni kwamba lilikuwa likinisaidia kulala.

"Daktari, uniambie kama mwanangu. Ilikuwa ile sindano, sivyo? Hewa iliingia. Nimewaona wengine wakichomwa, kisha wakafa."

Aliweka sahani yake chini.

"Hao wengine uliowaona wakifa baada ya kuchomwa, mzee, uliwahi kuona picha zao za zamani?"

Nilifikiri. Mchuuzi wa vifua, nilifikiri sana.

"Hapana. Wengi waliletwa wakiwa wameshazidiwa."

"Basi ndiyo hivyo. Sindano haikuisambaza, mzee wangu, wala hewa. Ilikuwa ikisambaa yenyewe kila wiki tuliyosubiri. Ndiyo maana nilikuwa na haraka."