Siku Bega Langu Lilipoharakisha Maombolezo

Aibu hii nilipanga nizikwe nayo, lakini kwa vile mmenichokoza wenyewe, wacha niwaambie.

Miaka ya sabini nilikuwa karani mjini, nakaa Kabiria, na kanisani nilikuwa mwalimu wa kwaya. Sasa fikiria mwalimu wa kwaya ambaye mkono wa kulia haupiti kifua! Bega lilikuwa limeganda, hata shati navalishwa na mke wangu (huku akinicheka). Daktari alinipa vidonge, akaniambia nipandishe vidole ukutani kila siku, polepole, nitapona baada ya miezi. Miezi, na mashindano ya kwaya ni Jumamosi! Nikaenda Mutuini kwa mama mmoja mkandaji, akanikanda kwa mafuta moto mpaka nikalia, mkono ukapanda kidogo. Jirani yangu Mutua, seremala, naye akaniletea chupa ya dawa ya kuchua.

"Paka kidogo tu," akasema. "Hii iliponya hata punda ya mjomba."

Mimi nikajiuliza, kwani lazima nichague? Jumamosi asubuhi nikajipaka nusu chupa juu ya mafuta ya yule mama, nikavaa suti, huyo nikaenda mjini kwenye mashindano.

Ukumbi umejaa, joto kali, jasho likanitoka, na tulipoanza tu wimbo (tena wa maombolezo) bega likashika moto. Mkono ukatetemeka. Kwaya, si nimewafundisha mwenyewe wafuate mkono? Wakaongeza mwendo. Nikajikuna, soprano wakaruka ubeti; nikapiga mguu chini kwa uchungu, besi nao wakapiga, na maombolezo yakageuka ngoma ya harusi, watu wanapiga makofi! Nikashindwa. Nikavua koti, nikavuta shati, likakwama kwenye ule mkono usiopanda, nikazunguka nalo kichwani sioni kitu, nikipapasa meza ya waamuzi nikitafuta jagi lao la maji.

"Baba Wekesa!" mke wangu akaita kutoka soprano. "Umeingiwa na nini?"

"Maji!" nikalia ndani ya shati.

Mchungaji mmoja akanimwagia jagi zima. Tukawa wa mwisho, na wiki nzima ofisini wakinisalimia kwa kupiga miguu.

Nilipona kwa ule ukuta wa daktari, karibu mwaka mzima, na yule mama, niliyekuwa nimemlaumu kwa ule moto, nikamwomba radhi, maana mikono yake haikuwa na kosa. Siku hizi ugonjwa mmoja, dawa moja, na ikiwa ni ya kuwasha naijaribu Jumatatu, peke yangu, mlango nimefunga.