Mdogo Hakuna Tena

Siku ya mwisho ya maisha yetu ya kawaida tulikuwa juu ya paa. Tembe letu la Issuna, huku Singida, lilikuwa bado jipya. Tulilijenga baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, tukaambiwa hapa sasa ndiyo kijiji cha ujamaa. Udongo wa paa ulikuwa umepasuka kwa jua na mvua zilikuwa karibu. Kaka yangu Jumanne alipanga fito, mimi nilimwaga udongo. Chini, binti yake Hadija, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, aliukanyaga udongo uliotiwa maji, mkono mmoja kaegemeza ukutani asiteleze.

"Baba mdogo," aliniita, "udongo wako umejaa mawe."

"Mwambie baba yako ashuke aukanyage yeye."

"Baba ana kovu. Akikanyaga litafunguka."

Kaka alicheka mpaka akaketi. Kovu lenyewe lilikuwa refu, kwenye muundi wa mguu wa kulia. Alijikata kwa shoka tulipokuwa tunatafuta miti ya nyumba hiyo hiyo. Hadija alilipenda kuliko doli lake la gunzi. Kila alipopakatwa alilipitishia kidole kutoka juu hadi chini, taratibu, na usingizi ukamchukulia hapo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja akasimama chini ya paa. Alisema mgambo wote wanatakiwa ofisi ya kijiji, na kila mtu aje na nguo za kubadilisha. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba wanajeshi wa Uganda wameingia Kagera. Kwetu Kagera ilikuwa mbali sana, hatukumjua mtu hata mmoja wa huko. Kaka alifuta mikono kwenye suruali, akaitazama sehemu iliyobaki.

"Kona hii tutaimalizia tukirudi," akasema.

Tulipakiwa kwenye malori. Pale Shelui tulisimama kidogo na wanawake wakaturushia karanga na viazi vya kuchemsha, nasi tukapunga mikono kama tunakwenda harusini. Tulikuwa vijana na hatukujua kitu. Mimi nilikuwa sijaoa. Kaka aliacha mke, Mariamu, na huyo mtoto mmoja.

Kuhusu vita yenyewe sitasema mengi. Wapo wenzangu wanaopenda kuisimulia na huwa nawaacha waendelee, mimi hunichosha. Ninachokumbuka zaidi ni mvua na migomba. Sisi watu wa nchi kavu tulikuwa hatujaona migomba isiyo na mwisho, wala hatujalala kwenye maji. Buti zangu hazikupata kukauka. Mto ulikuwa umejaa, daraja limevunjwa, na upande wetu wa mto tulikuta nyumba zilizoachwa milango wazi, sufuria zikiwa bado mafigani. Kwenye nyumba moja kulikuwa na kiatu cha mtoto. Kaka alikiokota, akakifuta tope, akakiweka juu ya dirisha mahali mwenyewe angekiona.

Tulivuka. Tukatembea. Kila siku ilikuwa kutembea.

Asubuhi moja tulipumzika karibu na kijito. Kaka alikusanya chupa zetu za maji, akazifunga pamoja kwa mkanda.

"Yako iko wapi?"

Nikampa.

Alishuka kwa njia iliyokwisha kupitwa na watu wengi. Nilimwona mgongo. Nilisikia chupa zikigongana.

Halafu mlipuko.

Bomu la kutegwa ardhini. Nilipofika hakuwa na la kuniambia tena.

Tulimzika hapo hapo, kati ya migomba, kisha tukaambiwa tusonge mbele. Nilisonga mbele. Mpaka leo sijui jina la kile kijito.

Taarifa za kifo zilinitangulia nyumbani. Wazee walikaa matanga bila maiti, na siku hizo Hadija alipelekwa kwa bibi yake mzaa mama ili asione watu wakilia. Aliambiwa baba amechelewa. Nilipopewa ruhusa ya kurudi nilimkuta amekwisha kurudishwa, na kila lori likisimama barabarani alikuwa wa kwanza kutoka nje.

Mzee Ntandu, ndugu mkubwa wa marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa na sauti katika ukoo. Aliniita pembeni, karibu na moto wa Mariamu, kabla sijanywa hata maji. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na hilo neno "mdogo" ni la kuonyesha tu nani alitangulia kuzaliwa. Yeye alitaka liondoke.

"Jumanne ameondoka, wewe upo," alisema. "Mtoto hana sababu ya kulia. Kuanzia leo wewe ni baba yake, na nyumba ile ni yako."

Nilimtazama shemeji Mariamu. Alikuwa amekonda, macho makavu.

"Habari ya nyumba iacheni kwanza, baba," alimwambia mzee. Kisha akanigeukia. "Lakini mtoto... nimechoka, shemeji. Kama ipo njia ya yeye kutolia, tuijaribu."

Hata mimi nilikuwa nimechoka. Basi Hadija akaitwa. Alikuja mbio, aliponiona akasimama.

"Baba yako amerudi," Mzee Ntandu alimwambia. "Msalimie."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Baba mdogo hayupo tena," mzee akasema. Alisema kwa upole, nakiri hivyo. "Mdogo hakuna tena. Huyu ni baba."

Hadija alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari mbaya ambayo tayari ameihisi:

"Baba mdogo amekufa?"

Mzee alikohoa, Mariamu akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Na mtoto akaanza kulia. Alinililia mimi, nikiwa nimekaa mbele yake, huku ananiambia "Pole, baba" kwa sababu nimefiwa na mdogo wangu. Nimesikia mizinga, lakini hakuna kilichonitisha kama kile kilio.

Utasema mtoto wa umri ule hawezi kumsahau baba yake. Hakumsahau. Ila tulifanana sana, vita ilikuwa imenikondesha na kuninyoa, na watu wazima wote anaowaamini walikuwa wanamwambia neno moja. Akaamua kuwaamini wao kuliko macho yake. Mbele ya watu aliniita baba, akanisalimia vizuri, akaniletea maji ya kunawa. Watu wakasifu. "Unaona?" Mzee Ntandu aliniambia. "Watoto husahau upesi."

Lakini alianza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokuwa analamba mpaka sahani inang'aa, aliumega akauacha. Mashavu yakaingia ndani. Kila nilipokaa alinijia na swali. Siku ile tulipomtafuta mbuzi aliyepotea, tulimkuta wapi? Wimbo ule wa kunilalisha unaanzaje? Nikishindwa kujibu alisema "Umesahau kwa sababu ya vita," akaniwekea mkono begani kunifariji. Mtoto yule alinifariji, na mimi nikanyamaza.

Mchana mmoja nilikuwa nimejinyoosha kivulini, suruali nimeikunja. Nikahisi kidole kinapita kwenye muundi wangu wa kulia, kutoka juu hadi chini, taratibu. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Kovu lako liko wapi, baba?"

Akahamia mguu wa kushoto, akautafuta na huo. Halafu akanyanyuka akaondoka.

Tangu hapo hakuzungumza. Si na mimi tu, hata na mama yake. Mariamu alimpeleka kwenye zahanati, wakamwangalia koo, koo zima. Jirani mmoja akasema kaingiliwa na kitu, atafutiwe dawa. Mimi nilijua kilichomwingia. Tulimwingizia wenyewe, kwa nia njema.

Siku alipopotea, jua likiwa bado juu, kijiji kizima kilitoka kumtafuta. Walikwenda barabarani, kisimani, shambani. Mimi nilikwenda kwenye boma letu la zamani, tulipohamishwa yeye akiwa anabebwa mgongoni. Kaka alikuwa na kawaida ya kumpeleka huko kuchuma mlenda. Kuta zilikuwa zimeanguka, ila ua wa minyaa ulikuwa umesimama vilevile. Nilimkuta Hadija amekaa palipokuwa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele.

"Unafanya nini hapa?"

Ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "Kule kijijini umekaa wewe. Baba akirudi atakuja huku."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alijua tangu kidole chake kilipolikosa kovu, na alikuwa anaubeba ujuzi huo peke yake, kwa kuwa sisi wakubwa tulikataa kuubeba naye. Nilikaa chini kwenye vumbi. Mdomo ulikuwa mzito kuliko ule udongo niliomfukia kaka kule migombani.

"Hadija, mimi ni baba mdogo. Sijafa. Unanisikia? Mimi ndiye baba mdogo."

Akanikazia macho.

"Aliyekufa ni baba. Baba Jumanne. Alikwenda kuteka maji, bomu likamuua. Nilimzika mimi mwenyewe. Harudi, si kule wala huku."

Alinipiga. Alinipiga ngumi kifuani na kichwani, akaning'ata mkono, nami nikamwacha. Kisha akalia. Hakulia kama siku ile ya kwanza, alilia kwa sauti ya mtu mzima mpaka akatapika. Mimi pia nililia. Tangu kijito kile nilikuwa sijamlilia kaka hata mara moja, na nilipoanza nilishindwa kunyamaza. Tulikaa matanga yetu hapo, watu wawili, ndani ya ua wa minyaa.

Tulipotulia akauliza, "Aliumia?"

"Hapana. Ilikuwa ghafla."

"Chupa yangu ya maji aliichukua?"

Sikuelewa swali hilo, na mpaka leo sijalielewa. Nilimwambia ndiyo.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mama yake aliniangalia usoni akajua, akakaa chini akamfungulia mikono. Jioni ile Hadija alikula. Mzee Ntandu alinifokea kwamba nimemfanya mtoto yatima mbele ya watu. Nikamwambia, "Baba, yatima alikuwa tayari. Tulikuwa tumemnyima matanga tu." Hakunisemesha mpaka mavuno. Mariamu sikumrithi, wala yeye hakutaka. Baadaye aliolewa na mtu wa Itigi, na Hadija akawa anakaa huku na huku, likizo kwa mama, shule kwangu. Hayo nayo yalimsumbua, lakini kila badiliko tulimweleza kabla halijafika. Ile kona ya paa niliimalizia mwenyewe, yeye akikanyaga udongo.

Miaka imepita mingi. Watu wananiuliza kama vita ilikuwa na faida. Nchi yetu tuliikomboa, hilo sina ugomvi nalo. Kaka yangu hana kaburi ambalo mwanawe anaweza kulifagia, na hilo pia lipo. Yote mawili nimekaa nayo, na hakuna lililowahi kulifuta lingine.

Mwaka jana niliugua, nikalazwa Singida mjini. Hadija, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alikaa nami kila siku. Muuguzi mmoja, binti mchangamfu, alimwona akinikanda miguu akamwambia, "Bibi, hongera. Unampenda sana baba yako."

Hadija hakuacha kunikanda. Kidole chake kilikuwa kwenye muundi wangu wa kulia.

"Huyu ni baba yangu mdogo," akasema. "Baba yangu alikufa vitani."

Mimi nikageukia ukutani.