Bakuli la Mume wa Bunnye

Hasira yangu haijapoa, na sina haja ya kuificha. Mimi nakata tiketi kwenye ile nyumba kubwa ya ukoo wa Tak, ambayo siku hizi ni makumbusho. Bibi Bunnye anaifagia. Anafagia nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba! Shemeji yake aliikabidhi wilaya pamoja na kila kitu ndani, wala hakumuuliza.

Yote hayo aliyameza. Kilichomkaba ni kibao kimoja.

Kwenye kabati la vioo, kati ya vyombo vya shaba, liko bakuli la wali lenye kifuniko. Kibao kiliandikwa: "Bakuli la akiba. Halijawahi kutumika." Mkurugenzi, Bwana Geum, alikuwa amechungulia ndani asione alama hata moja ya kijiko, basi akajiona mjuzi.

"Hilo ni la mume wangu," Bunnye alimwambia. "Alikwenda vitani mwaka wa hamsini. Mama mkwe alilijaza wali wa moto kila asubuhi, akaliweka palipo na joto sakafuni, pale moshi wa jiko unapopita chini, akalifunika kwa mfarishi, ili mwanawe akirudi asikute chakula cha baridi. Jioni aliupindua wali ule kwenye bakuli lake mwenyewe, akaula na maji. Alipofariki nikaendelea mimi. Sasa alama ya kijiko itoke wapi?"

"Una maandishi yoyote, bibi?"

"Maandishi! Mtu anaandika kwamba amepika wali?"

"Basi tuachie sisi wataalamu. Wewe shughulika na ufagio."

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Miaka arobaini na kitu mwanamke anasugua shaba ile kwa unga wa vigae na mabua ya mpunga mpaka kucha zinalika, halafu anatokea mtu na tai yake kumwambia ashughulike na ufagio! Bunnye akachukua ufagio wake, akaenda zake.

Siku ya ufunguzi wageni wakubwa walijaa ukumbini. Bwana Geum akawafikisha kwenye kabati, akaanza kueleza, mara akakwama. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Ufunguo wa kabati anao anayelipangusa, na mpangusaji, Bunnye, alikuwa amesimama pembeni, amevaa vazi lake jeupe la sikukuu.

"Nani kaweka wali humu?" Bwana Geum alifoka. "Utoe, bibi! Unaharibu shaba!"

"Miaka yote hiyo haukuiharibu. Utoe wewe. Ila kwanza waambie wageni unamnyang'anya nani."

Bwana Geum akauchukua ufunguo kwake, akafungua kabati kwa pupa, akashika bakuli, likamchoma, akalirudisha haraka. Mgeni mmoja mzee, mwenye nishani kifuani, akauliza taratibu, "Bakuli la nani hili?"

Bunnye akasimulia yote, mbele za watu. Yule mzee akavua kofia. Hakuna aliyethubutu kucheka, na wali ule haukuguswa.

Kesho yake Bwana Geum alimfuata uani na kalamu na karatasi, sauti imeshuka. "Mama, basi niambie, niandike nini?"

Aa, leo ni mama! Nilitaka kumjibu mimi, ila Bunnye hakuacha hata kufagia.

"Andika jina lake, Tak Se-hyeon. Na uandike kwamba hajarudi."