Ukurasa wa Mtangaza Vifo

Sijawahi kuona watu wanaojiamini kama wale waliotufundisha kuandika kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Walitukusanya katika ukumbi wa parokia, hapa Bukavu, wakatupa soda ya moto na biskuti zinazovunjika kabla hujazishika. Kisha mkufunzi, kijana aliyevaa beji kubwa kifuani kana kwamba mama yake aliogopa kumpoteza sokoni, akatutangazia kwamba maarifa ya dunia sasa yako mikononi mwetu. Yeyote anaweza kuandika. Hilo neno "yeyote" alilisema kwa sauti tamu ya muuza sabuni. Baadaye zikaanza sheria, na kila sheria ilimtoa mtu nje ya huyo "yeyote".

Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya baba. Baba yangu alikuwa mtangazaji wa redio, lakini si wa habari za mawaziri. Alisoma vifo. Jioni baada ya jioni, kwa Kiswahili na kwa Mashi, alitangaza nani amefariki, ni mtoto wa nani, wa kilima gani, na matanga yako wapi. Kilima hakukiacha kamwe. Familia ikileta tangazo lisilosema marehemu ametoka wapi, aliirudisha mlangoni: "Mutu bila kilima, nani atamulilia?" Mji ulinyamaza kumsikiliza, hata walevi.

Sasa alikuwa mzee, mapafu yamechoka. Siku moja aliona kwenye simu yangu ukurasa wa mchezaji mpira wa huko Ulaya, kijana ambaye hata ndevu hazijamtosha, akaniuliza kama na yeye yumo. Hakuwemo.

"Uniweke mule, maman," akasema, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye. "Mbele ya kuenda kwangu."

Nikaona kazi yenyewe ni nyepesi. Kwetu mtu akifa, wasifu wake husomwa mbele ya watu wote kabla ya maziko, na anayeuandika ni mtoto wake aliyesoma kidogo. Nimeandika wasifu wa shangazi zangu, wa majirani, hata wa mzee mmoja aliyechukiwa na mtaa mzima, nikamfanya mtakatifu. Basi nikamwandika baba vilevile. "Papa wetu mpendwa alizaliwa Walungu katika familia ya Kikristo." Nikaweka ubatizo wake, shule, ndoa, watoto aliojaliwa na Mungu, na mwisho nikawashukuru wote waliofika. Nilisahau tu kwamba yeye mwenyewe alikuwa sebuleni, anakunywa chai.

Ukurasa ulifutwa kabla chai haijapoa. Aliyeufuta hakuwa na jina la kueleweka, alikuwa na picha ya paka. Aliandika kwamba mtu huyu hajulikani, hakuna chanzo, lugha ni ya kusifu, na mwandishi ana uhusiano na mhusika. Hajulikani! Nilitamani kumshika huyo paka mkono nimpitishe Kadutu, asikie kila mama wa sokoni akiiga sauti ya baba yangu.

Nilimpelekea mkufunzi malalamiko. Alinieleza kwa ule upole wa muuguzi anayeficha sindano nyuma ya mgongo. Chanzo ni kitu kilichochapishwa. Na redio? Sauti imepita, hakuna pa kuisoma. Na watu walioisikia? Watu si chanzo. Na mimi? Mimi ndiye mbaya kuliko wote. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," akanitupia methali, akafurahi kana kwamba ameitunga yeye. Kwani mwanadamu aandikwe na nani, kama si mtoto wake? Na jirani atajua ubatizo wake?

"Usikate tamaa, maman," akaongeza. "Papa akishakufa, magazeti itaandika. Pale tutakuwa na chanzo."

Alilisema hilo bila haya. Nikamwambia nitamwomba baba aharakishe.

Hata hivyo nilijifunza sheria zao, kwa hasira, mpaka nikazijua kuliko yule mwenye beji. Nilijua kupanga vyanzo, kuondoa "mpendwa", kubishana kwa adabu kwenye ukurasa wa majadiliano. Na nikaona mle ndani kurasa ndefu za vituo vya treni vilivyofungwa huko kwa wenzetu, vimetajwa mpaka rangi ya milango, huku Walungu nzima imepewa mistari miwili. Nilizidharau sheria hizo, na bado nazidharau.

Baba aliponiuliza tena, nilimwambia ukweli.

"Miye nimetangaza kufa ya batu bote ya hii muji," akasema. "Huyo mwenye anasema hanijue, yeye iko mutoto ya nani? Wa kilima gani?"

"Ni paka, papa."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini chakula cha jioni hakukigusa, na mimi roho iliniuma sana.

Alifariki wakati wa mvua nyingi. Watu walijaa mpaka barabarani, kwenye matope. Nilisimama nikasoma wasifu wake: mwana wa Walungu. Wanawake wa ukoo wa mama waliimba, nao ni watu wa Kalehe. Mwandishi wa gazeti moja dogo alifika wakati wasifu umeshasomwa. Alikula, akala tena, akauliza wale wanaoimba wametoka wapi, akajibiwa, akaenda zake.

Gazeti likaandika kwamba mtangazaji mashuhuri, mwana wa Kalehe, ametutoka.

Haukupita muda, ukurasa wa baba ukatokea. Paka ndiye aliyeufungua. Ulikuwa mfupi, mkavu, hauna "mpendwa" hata mmoja, sheria zote zimetimizwa. Alizaliwa Kalehe. Chini yake, chanzo: lile gazeti.

Nikafuta Kalehe, nikaandika Walungu. Paka akarudisha Kalehe, akaniomba chanzo. Nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano nikamwandikia kwamba huyo ni baba yangu, nimemzika mimi, na kilima chake ni Walungu.

Akanijibu kwa adabu kabisa. Kwa kuwa ni baba yangu, nisimguse.