Siku Nne za Eda

Simu ya kaka wa shoga yangu iliingia asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Tulikuwa Dar, mimi naye, safari ya nne ya dripu. Maradhi yake yalikuwa saratani ya titi. Ilianza kushoto ikahamia kwapani, na dawa yake kwetu Pemba haikuwapo, basi kila baada ya wiki tatu tukawa tunavuka maji. Msindikizaji nilikuwa mimi. Mume wangu aliniacha zamani, watoto wangu wana majumba yao, ualimu nimestaafu, na mdomo ninao wa kumwinua nesi yeyote kitini. Mumewe alibaki nyumbani Tibirinzi, pale Chake, kwa sababu lazima mtu mmoja afanye kazi. Alikuwa fundi wa baiskeli, banda lake liko Mtambile kando ya barabara.

"Mwalimu," kaka yake akasema, "uko karibu naye?"

"Hapana. Kalala wodini."

"Shemegi katutoka."

Alikuwa amechutama anatia upepo gurudumu la mteja, akaanguka mbele. Walipomgeuza alikuwa ameshakwenda. Mtu ambaye hata panadoli hanywi. Nilishika ukuta. Sote tulikuwa tumejitayarisha kwa msiba, siwezi kuficha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafikiria kina nani watamkosha shoga yangu akifa na nani asiguse. Lakini msiba tulioujua ulikuwa wa mke. Huyu wa mume hakuna aliyeusogelea hata kwa mawazo.

"Tunamzika leo baada ya laasiri," akaendelea. "Yeye asiambiwe. Damu yake i chini, moyo wake mdogo, ukimwambia huko huko utatuletea maiti wa pili. Mpaka afike."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, na hilo ndilo linaloniuma. Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba njiani. Huambiwa fulani hajambo kidogo, njoo, naye huja na moyo wake mpaka aingie uani akute mikeka imetandikwa. Mimi nimewaficha watu wengi hivyo katika maisha yangu, walimu wenzangu na hata dada yangu wa tumbo moja, na kila mara nikajiona mtu mwenye busara. Wahenga walimsema mficha maradhi. Mficha kifo hawakumgusa, nadhani kwa kuwa wote walikuwa wakificha.

Nikaosha uso, nikarudi wodini. Alikuwa ameamka.

"Mbona macho yako mekundu?" akaniuliza.

"Ile dawa yao ya sakafuni, inawasha."

Akaamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wangu ulipewa siku nne nzima. Siku ya kwanza alipiga simu kwa mumewe mara tatu. Nikamwambia Pemba hakuna umeme, ule waya wa baharini umeharibika tena, kisiwa kizima hakina chaji. Alimsonya mumewe kwa kutokuwa na akili ya kuchaji kwa jirani mwenye sola. Siku ya pili alitapika, akalala. Siku ya tatu tuliruhusiwa kwenda kwenye chumba chetu cha kupanga, na alfajiri ya pili yake akaamka yu mzuri, anataka kuoga, anataka kuvaa, anazungumza. Keshoye tulikuwa tunapanda boti.

Akanyoosha mikono yake mbele yangu. Ile dawa ilikuwa imemgeuza kucha zote nyeusi.

"Hebu tazama, shoga. Kama mchoma makaa. Nipake hina, nirudi kwa mume wangu nami niwe ntu."

Nilimwambia amechoka. Akasema hajachoka. Nikamwambia hina ya hapa mbaya. Akanicheka, akaniuliza tangu lini mie nikajua hina ya Dar. Kila mwanamke wa kwetu anajua kuwa mjane hapaki hina, hatii wanja, hajifukizi udi, miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa mjane wa siku ya nne. Aliyelijua hilo katika chumba kile ni mimi tu.

Na nikashuka dukani, nikanunua hina. Nikaikoroga kwa ndimu na chai ya rangi, nikampaka kucha na ncha za vidole, mkono mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama nilivyompaka siku ya harusi yake. Nilijiambia nampa furaha ya mwisho. Uongo. Nilimpaka kwa sababu kumkatalia kungeanzisha maswali, na maswali sikuyaweza. Mimi mwenye mdomo wa kuinua manesi nilikuwa mwoga kupita kiasi.

Bandarini Mkoani hakuwapo mumewe. Alikuwapo kaka yake na gari ya kukodi, na shangazi yake mmoja kiti cha nyuma.

"Kwani huyu ka wapi?" shoga yangu akauliza.

"Hajambo kidogo," kaka yake akajibu. "Ingia twende."

Sijui kama alielewa pale. Aliingia garini. Tulipofika Mtambile gari haikupunguza mwendo, lakini nililiona banda limefungwa, na wanaume waliokuwa wamekaa kwenye benchi la duka la jirani waliinuka wote kwa pamoja tulipopita, wakaweka mikono vifuani.

"Mbona wananisimamia?" akasema.

Nikaiona mikono yake inaingia polepole ndani ya buibui. Kutoka hapo mpaka Chake hakuitoa tena.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyempokea mlangoni, akamkumbatia, wakalia, nasi tukalia. Kisha wakamkalisha kwenye mkeka, na wifi akamshika mikono ili ampe pole kama inavyopaswa. Mikono ikatoka nje.

Kilio kilikatika. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hina?"

"Hina mbichi," akasema mwingine.

Wifi aliitazama mikono ile, akaitazama sura ya mwenye mikono, akaiachia. Hakuitupa, aliiachia tu, lakini niliona shoga yangu anajikunja pale mkekani, upara wake chini ya kanga, mtu mwenye kilo za mtoto, na wanawake thelathini wanamwangalia vidole. Hasira zikanipanda. Mimi hasira hunitangulia popote ninapokwenda.

"Nilimpaka mie!" nikapiga kelele. "Hakujua kitu! Mie nilijua tangu Jumanne, na jana nikampaka kwa mkono wangu huu. Mwenye kusema anisemee mie!"

Nilidhani namkinga. Wanawake wakainamisha nyuso. Yeye peke yake ndiye aliyeinua yake.

"Weye ulijua?"

Nikapiga magoti mkekani mbele yake.

"Ulipokuwa wanipaka, ulijua?"

"Nilijua, shoga."

Akageuka upande wa ukuta.

Hakunisemesha siku nyingi. Nilikwenda kila asubuhi vilevile. Nilimpikia uji, nikamwosha, nikamshikia beseni alipotapika, kwa kuwa ndugu zake wengine walipenda kusoma naye Yasini lakini beseni walikuwa hawaliwezi. Uji aliupokea. Maneno hakuyapokea. Nikisema "umeamkaje," alikuwa akimjibu wifi yake, hata kama wifi yuko jikoni na hakuuliza. Mimi sikuumbwa na subira, na mara mbili nilibeba mkoba wangu nikaapa sirudi. Mara zote mbili kesho yake saa moja nilikuwa mlangoni. Niende wapi? Miaka arubaini nina shoga mmoja tu.

Kisha nikasikia kutoka kwa wifi kuwa shoga yangu anataka kukaa eda zaidi. Miezi minne na siku kumi, na juu yake nne, kufidia zile alizokaa Dar bila kujua, akicheka na kupakwa hina huku mumewe yu mchangani. Wifi, ambaye kwa mambo ya dini hana mchezo, alimwuliza shekhe wa msikitini. Shekhe akasema eda huanza siku ya kifo, mke ajue asijue, zile nne zimo, wala hana dhambi kwa hina aliyopakwa hali hajui. Akasema pia matibabu ni dharura, kwa dripu atoke, aende na arudi.

Alipoletewa jibu hilo alikubali safari. Siku hakukubali.

"Shekhe na ahisabu zake," akasema, "na mie n'hisabu zangu."

Hapo nilijua kuwa hanisamehe. Maana zile siku nne nilizila mimi, na madhali hazihesabu, deni ni langu. Na yeye alikuwa mgonjwa mno, hakuwa na siku za kuongeza juu ya siku.

Ilikuwa kwenye boti, safari ya kwanza baada ya msiba, ndipo aliponigeukia. Alikuwa amefunikwa gubigubi, macho tu nje.

"Saa walipokuwa wanamzika," akasema, "mie nilikuwa nafanya nni?"

Nilitaka kumdanganya. Ulimi ulikuwa umeshajitayarisha: ulikuwa umelala, shoga. Nikauuma.

"Ulikuwa ukila embe bichi kwa chumvi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikugawia. Ukasema leo ulimi umerudi, unasikia ladha."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka chini ya kope, mengi, na mimi yangu.

"Na weye?"

"Mie nilikuwa nakutazama. Nilikwenda chooni nikamswalia marehemu moyoni, nikarudi."

"Chooni, mwalimu mzima," akasema, na kidogo kama akacheka. "Haya, na baada ya embe?"

Basi nikamwambia saa baada ya saa, siku zote nne. Alitaka yote. Alitaka kujua alicheka mara ngapi na kwa nini, na lile sonyo alilomsonya mumewe, lilikuwa saa ngapi, alikuwa ameshazikwa au bado. Bado, nikamwambia. Ndio ukweli, ilikuwa adhuhuri. Hilo lilimliza kuliko yote. Tulipofika alikuwa ananisemesha, lakini ile hesabu yake ya siku hakuibadilisha, nami sikuthubutu kuitaja.

Safari ya mwisho tulikwenda watatu, kwa kuwa kaka yake alitaka kumwona daktari mwenyewe. Walimpiga picha, wakampeleka wodini apumzike, sisi wawili tukaitwa ndani. Daktari alikuwa kijana mpole, alizungumza akitazama meza yake. Dawa haifanyi kazi tena, saratani imeenea. Imeingia ini na mapafu. Tumrudishe nyumbani, tumpe dawa za maumivu, tumpe anachokipenda.

Tulipotoka, kaka yake aliegemea nguzo ya kibaraza akalia kama wanaume wanavyolia, kwa kupangusa pua. Kisha akanishika mkono.

"Asiambiwe, mwalimu," akasema. "Tumwambie madaktari wamempumzisha tu. Mpaka tufike. Na tukifika pia, aachwe na matumaini yake."

Aliyasema kwa mapenzi. Sauti ilikuwa ile ile ya simu ya asubuhi ile, na mapenzi yale yale, na najua kuwa kama ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikautoa mkono wangu.

"Mara hii sifichi," nikamwambia.

"Utamwua."

"Anakufa, ndugu yangu. Simwui mie."

Hakunifuata. Nilitembea ule ukumbi mrefu, wala hasira sikuwa nayo hata chembe ya kunisukuma. Shoga yangu alikuwa amekaa kitandani ananisubiri, buibui lake ameshalivaa. Nikakaa mbele yake, nikamshika mikono. Kucha zilikuwa nyeusi tupu.

"Daktari kasema dawa haifanyi kazi," nikamwambia. "Imeingia ini na mapafu. Hakuna dawa nyingine. Tunakwenda nyumbani."

Aliniangalia usoni, kwa muda, kama anayekagua kama pana kitu kimebaki nyuma.

"Kaka yangu ajua?"

"Anajua. Kasema nisikwambie."

Akatikisa kichwa polepole. Nje muuguzi alikuwa akiita jina la mtu mwingine. Nikalia mbele yake waziwazi.

"Shekhe alisema eda yaanza siku aliyokufa," akasema. "Si siku niliyojua."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi hisabu na zile nne."

Nikafuta macho, nikahesabu kwa vidole mbele yake, zile nne nikazitia. Zilibaki siku kumi na moja. Akasema kumi na moja ataziweza, tukainuka.

Alizimaliza.