Blanketi la Fumbo na Vidole vya Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hivyo zilikuwa karibu zaidi. Mume wangu alikuwa kazini Londiani, tukikaa katika chumba cha kupanga kilichovuja mvua, nikarudi Bomet kungojea mtoto kwa mama yangu. Nilimkuta ameingia kikundi cha akina mama wa kanisa. Walikuwa wakishona mablanketi ya viraka, na hakuna hata mmoja aliyejua blanketi lake litafanana na nini.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Mke wa mchungaji alikuwa na mchoro, na aliufungia kabatini. Kila Alhamisi aliwapa hatua moja tu, na siku ya mwisho wangeyatandaza mablanketi yote kanisani waone wametengeneza nini.

“Na mkikosea je?” nilimwuliza mama.

“Tutakosea pamoja,” akasema, akicheka. La kwake alikuwa anamshonea mjukuu.

Hatua ya pembetatu ilikuwa ndefu kuliko zote. Unachukua mraba wa kitambaa cheupe na mraba wa kitambaa cheusi, unailaza uso kwa uso, unachora mstari kutoka pembe hadi pembe, unashona upande huu na upande huu wa mstari, kisha unakata katikati. Ukifungua, unapata miraba miwili, kila mmoja nusu mweupe na nusu mweusi. Wenzake walichora kwa chaki. Mama aliukunja mstari kwa ukucha, akashona kwa mkono huku kidole gumba kikitangulia sindano. Nilidhani ni maringo. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi, na nilinung'unika kila mara, kwani aliniita nimtungie hata nikiwa nimelala chali na miguu imevimba.

Vyeupe vilitoka kwa shuka kuukuu. Vyeusi vilitoka kwa suruali za marehemu baba, kitambaa kigumu cha kazi, na vilipopungua akakata sketi yangu ya shule, ile ya buluu iliyokoza ambayo wadogo zangu wawili waliivaa baada yangu mpaka ikachoka, ikalainika.

Jumatano moja alasiri nikaketi kumhesabia miraba ya kupeleka kesho yake. Arobaini na nane, sawasawa. Lakini sita ilikuwa giza kwa giza, suruali ya baba upande mmoja, sketi yangu upande wa pili.

“Woi, mama! Hii ni nini sasa? Unataka wakucheke?” Nikaitupa mezani.

Aliichukua, akaisugua kwa vidole. “Hii si shuka?” akauliza polepole. “Mbona ni laini hivi?”

Nikainua kipande kingine mbele ya uso wake. “Na hii ni rangi gani?”

Mkono wake ulikuja kukigusa kwanza, kabla hajajibu. Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yote ikanitoka mwilini.

“Tangu lini, mama?”

“Tangu mahindi ya mwaka jana. Naona mwanga. Naona mtu amesimama. Basi.”

Na kila asubuhi alikuwa akienda kuchuma chai! Karani wa kituo cha kupimia chai hakuwahi kumrudishia hata jani moja. “Chai haitaki macho,” akaniambia. “Majani mawili na kichipukizi, kidole kinajua. Jani gumu linakataa kuvunjika.” Rangi ndiyo haigusiki.

Nilikuwa mkali tena, kwa sababu niliogopa. “Mficha maradhi, kifo humuumbua! Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungenipa mtoto nimwogeshe?”

Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni shangazi yupi atakayemshika mtoto. Naona aibu mpaka leo.

Nilitaka kuifumua ile sita. Akakataa, akasema atapeleka kazi yake jinsi ilivyo, na nisimwambie mtu.

Siku ya kutandaza nilienda naye. Mablanketi yalifunguliwa sakafuni, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limejaa nyota. Akina mama walipiga vigelegele. La mama lilipofunguliwa, wakanyamaza. Nyota zake mbili zilikosa ncha, zimemezwa na giza. Mke wa mchungaji aliniangalia mimi, nami nikaangalia chini.

Mama alisikia ule ukimya. “Macho yangu yameisha,” akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. “Lakini hata nyinyi mmeshona miezi mitatu bila kuona.”

Mmoja akacheka, kisha akalia, na mke wa mchungaji akapiga magoti sakafuni akaushika mkono wa mama na kuupitisha juu ya nyota zile nzima, ncha kwa ncha, mpaka akazijua.

Binti yangu alizaliwa salama. Siku tuliyotoka hospitali, shangazi yangu alikuwa ameshakunja mikono ya sweta, beseni liko tayari. Mama alikuwa ameketi pembeni, mikono ameificha ndani ya leso. Hakuomba apewe mtoto.

Nikampita shangazi, nikamweka mtoto kwenye mapaja ya mama. “Mwogeshe. Maji nimeyapima.”

“Ai, atamwangusha!” shangazi akasema.

“Wewe nyamaza!” Naye akanyamaza, maana ananijua.

Mama alimwosha taratibu, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, kila mahali. Alimfunga katika blanketi lake, kisha akaushika tena mkono mdogo, akaupapasa kidole kimoja kimoja.

“Kucha zake ni ndefu,” akasema. “Atajikwaruza uso.”

Nikainama kutazama. Siku mbili nilikuwa nimemkodolea macho yule mtoto, na sikuwa nimeziona.